Usilale na Chai Mdomoni

Pita mitaa ya Ngamiani alfajiri utaona watu wamesimama uani, mswaki mdomoni, ndoo ya maji miguuni. Asubuhi ya Tanga ina mswaki wake, na si haba. Usiku mambo ni mengine. Mtu anakunywa chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, anamega kipande cha halua, halafu anajitupa kitandani. Maoni yangu ni kwamba kama kuna mswaki mmoja usiopaswa kukukosa, ni huo wa usiku, tangu jino la kwanza la mtoto hadi meno ya bandia ya babu.

Sababu ni mate. Vijidudu vya mdomoni vikipata sukari hutoa tindikali inayolainisha gamba gumu la jino, na mate ndiyo yanayoizima, kazi inayochukua nusu saa au zaidi. Ukilala, mate hupungua sana. Sukari iliyobaki inakaa na jino usiku kucha.

Kwa hiyo chupa ya uji wa sukari anayolala nayo mtoto ndiyo adui wa kwanza. Meno ya utotoni huanza kutoka karibu miezi 6, na yote 20 hukamilika kabla au karibu na miaka 3. Muinue mwanao mdomo wa juu penye mwanga. Ukiona mstari mweupe kama chokaa kando ya ufizi, jino limeanza kuliwa, lakini bado linaokoka. Likishakuwa la kahawia na kutoboka, umechelewa. Chupa ya usiku iwe ya maji matupu. Dawa ya mswaki iwe yenye madini ya floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa aliye chini ya miaka 3, na punje ya njegere kwa wa miaka 3 hadi 6. Mzazi ndiye ashike mswaki, mpaka mtoto afike miaka 7 hivi.

Kuna jambo la watoto wachanga nalisema kwa uchungu. Mtoto akiharisha na kupata homa, wapo wanaosema ana "meno ya plastiki" na kumpeleka akachokonolewe ufizi. Kile kivimbe cheupe wanachokiona kwenye ufizi ni chonge changa, jino lake halali linalosubiri wakati wake. Watoto wamepoteza maisha kwa kutokwa damu na kwa vidonda vilivyoingia uchafu. Anayeharisha anahitaji maji ya ORS na zahanati, basi.

Karibu na miaka 6 gego kubwa la kwanza huota nyuma ya mengine yote. Halikung'oka jino kulipisha, kwa hiyo wazazi wengi hudhani ni la utotoni na litaondoka. Haliondoki. Juu lina vifereji vyembamba ambavyo kashata na ubuyu wa rangi hujificha humo. Upeleke mswaki mpaka kule mwisho kabisa.

Kwa watu wazima, fizi ndizo zinazonisumbua zaidi, maana zinaharibika bila maumivu. Ule utando laini unaousikia kwa ulimi usipoondolewa hugeuka ugaga mgumu kama chokaa ya kisima, na ugaga hauondoki kwa mswaki, wala kwa mkaa, wala kwa majivu. Ufizi unavimba, unatoa damu, na mtu akiona damu anaacha kupiga mswaki upande ule. Hapo ndipo anapojimaliza. Damu inadai mswaki laini zaidi na umakini zaidi: nyuzi ziinamie mahali jino na ufizi vinapokutana, uzungushe taratibu, dakika 2, ndani na nje. Kisha tema na usisukutue, floraidi ibaki. Damu ikiendelea baada ya wiki mbili, nenda kliniki ya meno. Wengine huogopa kusafishwa kwa kuwa "meno yatalegea". Kinacholegeza jino ni mfupa ulioliwa chini ya ugaga. Ugaga ulikuwa unaficha tu.

Mswaki wa mti naupenda na ni sunna. Menya ganda kiasi cha sentimita moja, utafune mpaka nyuzi zifunguke, na zikichoka ukate ncha. Unafaa sana meno ya mbele, ila nyuma ya magego ya ndani haufiki vizuri, kwa hiyo usiku ongeza wa kawaida na dawa yake. Ramadhani piga mswaki baada ya daku, kabla ya adhana, maana tende hunata na wengi hurudi kulala.

Barazani, kashata moja inayong'atwa kidogo kidogo kwa saa mbili hudhuru kuliko mbili zilizoliwa mara moja, kwa sababu kila mng'ato huanzisha tindikali upya. Na machungwa ya Muheza ukishayafyonza, sukutua kwa maji kwanza na usubiri nusu saa kabla ya mswaki, jino lipate kukaza tena.

Mjamzito fizi zake huvimba kwa urahisi kwa mabadiliko ya mwili. Kwamba kila mimba lazima ile jino moja, si kweli. Akitapika, naye asukutue kwa maji kwanza.

Wazee wengi hunywa dawa za presha, na baadhi ya dawa hizo hukausha mdomo. Wanywe maji mara kwa mara, na pipi za kulainisha koo ziachwe. Mwenye kisukari aangaliwe fizi kila miezi 6, kwani kidonda cha fizi hupandisha sukari, na sukari ikipanda fizi hazipoi. Meno ya bandia yavuliwe usiku, yasuguliwe kwa sabuni laini na mswaki wake, yalazwe kwenye kikombe cha maji safi. Maji ya moto yasitumike, yatayapinda.