Bila masharti, ila ahadi ya jengo kwanza

Jumapili iliyopita nilikuwa Tukuyu kwa mama. Sheria ya mama mnaijua: ukilala kwake Jumamosi, kesho yake uko kanisani, upende usipende. Somo lilikuwa Luka 15, mwana mpotevu. Mchungaji alihubiri vizuri, nakiri. Alipaza sauti mpaka spika zikakoroma: "Mungu anakupenda bila masharti! Mwambie jirani yako, bila masharti!" Nikamwambia jirani yangu. Naye akaniambia.

Yakafuata matangazo.

Mzee wa kanisa akasoma majina ya wanaorudi kundini. Wanne. Wa tano ni binti aliyezaa nyumbani, na jina lake halikusomwa, ingawa alikuwa amekaa benchi la pili na kitenge kipya, mtoto mgongoni akingoja ubatizo. Bibi yake akasimama kuuliza. Akajibiwa mbele yetu sote kwamba familia haijamaliza ahadi ya jengo, yaani mchango walioahidi wa kujenga kanisa.

"Baba, mbona nimeleta mkungu wa ndizi?"

"Bibi, ule ni sadaka. Ahadi ni ahadi."

Bibi akasema "ndaga", akakaa. Ndaga! Yaani alishukuru.

(Aliyempa mimba yule binti anapiga kinanda. Siku hiyo alipiga vizuri mno. Tuendelee.)

Msiniulize ni kanisa gani. Injili ilifika Rungwe mwaka 1891, imetukuta na migomba yetu, tumeimba, tumejenga, tumezaa wachungaji. Na bado Luka 15 tunaisoma kama watu wanaosaini mkataba bila kuufungua.

Fungueni basi. Yule kijana, akiwa bado na nguruwe, anatunga maneno ya kwenda kumwambia baba yake: nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Hilo la mwisho ndilo sharti lake mwenyewe, anataka akalipe kwa jasho. Sasa msikilizeni akifika. Anasema nimekosa, anasema sistahili, na hapo baba anadakia, anaita joho, pete na viatu. Lile la utumishi halisemwi kabisa. Na kabla hata hajafungua kinywa, "alipokuwa angali mbali", mzee alishakimbia, akamwangukia shingoni, akambusu. Mzee mwenye watumishi na ng'ombe, anakimbia barabarani watu wakimwona!

Mimi hilo la kukimbia nalijua. Nilipofeli kidato cha nne nilijificha Mbeya miezi saba, nikibeba magunia ya viazi Mwanjelwa, simu nimezima. Siku niliyorudi niliikariri hotuba yangu tangu Uyole hadi Kiwira, konda akadhani nasali. Baba yangu alikuwa mtu wa hatua za kuhesabu, hata mvua ilimkuta njiani akaiacha imnyeshee. Lakini siku ile aliniona ng'ambo ya shamba la chai akaja mbio, buti moja likabaki kwenye tope. Nikaanza, "Baba, naomba…" Akasema, "Umekula?" Hotuba ile ninayo mpaka leo, haijapata wa kuisikiliza.

Na toba yangu? Ilikuja usiku ule, juu ya sahani ya ndizi, nikalia kama mtoto. Ilikuja baada ya kupokewa. Paulo anawaambia Warumi jambo hilohilo, kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Tungali! Sisi toba tumeifanya kiingilio, kama mechi ya uwanja wa Sokoine: huna tiketi, sikilizia kelele nje ya ukuta.

Najua mtakachoniambia. Kanisa lina utaratibu. Bati halishuki kama mana. Paulo huyohuyo aliwaagiza Wakorintho wamwondoe mtu kati yao. Haya, nimekubali, kwa shingo upande. Ila someni na waraka wa pili, anapowaambia kuhusu mtu aliyekwisha kuadhibiwa kwamba sasa inatosha, msameheni, mfarijini, asije akamezwa na huzuni. Deni la jengo sikuliona humo, na nimesoma mara mbili.

Kinachoniumiza zaidi ni yule mtoto. Ana miezi mitano labda. Alikuwa anacheka na watu wa benchi la nyuma, anawanyooshea mkono mmojammoja. Hajui kwamba anadaiwa.

Ibada ikaisha, tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka. Mkungu wa bibi ulikuwa mzuri kuliko yote, ukapanda mpaka elfu kumi na nane. Aliyeunyakua ni mzee wa kanisa yuleyule. Akaufunga kwenye pikipiki yake akaondoka nao, na sikumsikia akiuliza umetoka kwa nani.