Calandagan hakumkwepa mtu

Fundi wangu wa simu pale Makoroboi, Mwanza, anabeti farasi wasiokuwepo. Wale wa kompyuta, wa kwenye runinga ya kibandani, wenye namba kubwa mgongoni, wanaokimbia kila baada ya dakika chache usiku na mchana, hawali, hawachoki, hawaumwi. Mkeka ni wake na hela ni yake, hilo halinihusu. Kilichonipandisha presha ni Jumatatu ile ya tarehe 1 Desemba 2025. Simu yangu ilikuwa imelala mbele yake tumbo wazi, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha soda, akaniambia bila hata kuinua macho: "Mzee wa farasi, huyo Calandagan wako kachukua Japan Cup, hongera. Ila Arc si aliikwepa?"

Ningemjibu palepale. Lakini mtu aliyeshika bisibisi juu ya simu yako hujibizani naye. Nikasema "Haya, kaka," nikanyamaza. Sasa simu imepona na hela yake nimeshalipa, kwa hiyo nasema.

Calandagan, farasi wa kweli wa Ufaransa, hakuikwepa Arc, zile mbio kubwa za Oktoba kule Longchamp, Paris. Alizuiwa. Mbio zile ni za madume na majike, na yeye amehasiwa. Hata angekuwa na kasi ya radi, asingeruhusiwa kusogea getini pale Longchamp. Hoja ya wenye mbio ni kwamba Arc ipo ili kuwapata wazazi wa kizazi kijacho, na maksai hazai. Kwetu Usukumani hoja hiyo haihitaji kuelezwa mara mbili: dume la mbegu halifungwi jembe, na maksai hapelekwi kwa mitamba. Kwa shingo upande nakubali kwamba ina mantiki yake. Lakini umzuie mwenyewe, halafu umwite mwoga? Hapo tutakosana.

Na maneno haya hayakuanzia Makoroboi. Farasi huyu alishapewa jina baya zamani. Agosti 2024 alikuwa wa pili York, Uingereza, nyuma ya City Of Troy. Oktoba hiyo, Ascot, wa pili tena, safari hii nyuma ya Anmaat ambaye karibu hakuna aliyemtazamia. Aprili 2025 Dubai, wa pili, Danon Decile wa Japani mbele. Juni kule Epsom, wa pili, Jan Brueghel mbele. Mara nne mfululizo. Wakaanza kusema hana moyo, akifika ubavuni kwa mwenzake anaridhika. Watu hatuna dogo.

Halafu akashinda Saint-Cloud kule Ufaransa mwishoni mwa Juni, na tarehe 26 Julai akashinda mbio za King George pale Ascot. Hapo ndipo hesabu za vuli zilipoanza, na hapo ndipo mkufunzi wake, Francis-Henri Graffard, alipofanya jambo ambalo nadhani watu wengi hawakulitilia maanani. Aliiacha York.

Fikiria vizuri. Una farasi aliyetoka kushinda mbio kubwa, mwili umewaka, magazeti yanakuimba, na Agosti kuna fedha nzito inakusubiri kwenye umbali anaouweza. Mwaka uliopita alipigwa palepale, kwa hiyo una pia kisasi cha kulipa. Wangapi wangekaa nyumbani? Graffard alikaa. Farasi mwingine, Ombudsman, akaenda York akashinda, akaimbwa yeye. Septemba nayo ikapita, Delacroix akashinda Irish Champion Stakes kule Leopardstown, akaimbwa yeye. Calandagan yuko zizini Chantilly anakula. Kuanzia King George mpaka alipotoka tena ni wiki kumi na mbili kamili.

Hicho ndicho ninachokiita mpango. Farasi wa kiwango kile ana mbio kubwa chache tu mwilini kwa mwaka mmoja, tano au sita, na kila moja unayoiongeza mwezi wa nane unaikata mwezi wa kumi na moja. Anapokimbia mita 2,400 kwa nguvu zote anapungua uzito, misuli inauma, wengine wanakataa chakula siku kadhaa. Ukimrudisha mbioni mapema atakimbia tu, maana farasi hasemi amechoka. Utakuja kuligundua zimebaki mita mia mbili, mpanda farasi anamwomba na yeye hana cha kutoa. Sisi ambao tunaijua ligi yenye viporo, timu inacheza mechi tatu ndani ya siku nane halafu tunashangaa mshambuliaji anatembea uwanjani, tungepaswa kulielewa hili kuliko watu wote.

Tarehe 18 Oktoba, Champion Stakes, Ascot. Niliitazama kwenye simu hiyohiyo kabla haijaniangukia. Wote walikuwepo. Ombudsman alikuwepo, Delacroix alikuwepo. Nani sasa alikwepwa? Mpanda wake, Barzalona, alimtuliza Calandagan nyuma, mikono imekaa kimya shingoni kwa farasi. Walipoingia sehemu ya kunyooka, Ombudsman akatoka mbele, na kwa sekunde chache mbio zikawa kama zimekwisha. Kisha ile kofia ya Barzalona ikaanza kusogea upande wa nje. Hakuna fimbo za kutapatapa, hakuna kuhangaika. Alimpita Ombudsman na kumwacha kwa urefu wa farasi wawili na robo. Farasi asiye na moyo, eti.

Siku hiyohiyo asubuhi, kule Sydney, Ka Ying Rising wa Hong Kong alikuwa ameshinda The Everest, mita 1,200. Naye amehasiwa. Nalisema tu, msiseme sikusema.

(Mbio za Breeders' Cup za Del Mar, Marekani, sikuziona. Zilikuwa tarehe 31 Oktoba na 1 Novemba, na mnajua wenyewe intaneti ilikuwaje siku zile. Kwamba Forever Young, farasi wa Japani, ameshinda Classic, mbio kuu ya hapo, nilikuja kulisikia habari ikiwa imeshapoa.)

Baada ya Ascot, mkufunzi mwingine angefunga mwaka. Hapa ndipo ninapompenda zaidi Graffard, kwa sababu alimpandisha ndege akampeleka Tokyo. Japan Cup, tarehe 30 Novemba, siku 43 baada ya Ascot. Na Tokyo si mahali pa kwenda kuokota fedha. Tangu Alkaased aliposhinda mwaka 2005, hakuna farasi wa nje aliyewahi kuichukua tena. Miaka ishirini. Wazungu walikuwa wanakwenda na kurudi mikono mitupu, na sababu kubwa, kwa maoni yangu, ni hiyohiyo Arc: farasi anajimaliza kwenye nyasi zilizolowa za Paris mapema Oktoba, halafu kilichobaki ndicho kinachopelekwa Japani, kwenye uwanja mkavu wenye kasi, dhidi ya wenyeji waliojiandalia siku hiyo tu. Calandagan, kwa kuwa mlango wa Paris ulifungwa, alifika akiwa mzima. Sheria iliyomdharau ndiyo iliyombeba.

Na watazameni aliokutana nao huko. Danon Decile, yuleyule aliyemshinda Dubai. Masquerade Ball, aliyekuwa ametoka kushinda mbio za Tenno Sho mwanzoni mwa mwezi, mgongoni ana mpanda Christophe Lemaire anayeijua Tokyo kama chumba chake cha kulala. Croix du Nord, bingwa wa Derby ya Japani. Hata huyu Croix du Nord namvulia kofia: alikwenda Ufaransa Septemba akamshinda Daryz, wiki tatu baadaye kwenye Arc Daryz akashinda na yeye akawa wa kumi na nne kwenye tope, na bado Tokyo akaja kuwa wa nne. Huyo ndiye alibebeshwa mzigo wa ndoto ya taifa zima, maana Wajapani wanaitamani Arc kupita kiasi. Farasi wao Orfevre mwaka 2012 aliishika mkononi, akaiachia hatua za mwisho.

Kwetu ilikuwa Jumapili asubuhi, kasoro dakika ishirini saa nne. Nyumbani walikuwa wamekwenda kanisani, mimi nilikuwa na "homa". Sehemu ya kunyooka ya Tokyo ni zaidi ya mita mia tano, na hatua za mwisho Calandagan na Masquerade Ball walikwenda bega kwa bega, mwingine akiinua kichwa mwingine akikishusha. Mara nne nyuma, kwenye hali kama hiyo, alikuwa wa pili. Safari hii alishinda kwa urefu wa kichwa tu. Dakika 2, sekunde 20.3. Rekodi ya Almond Eye ya mwaka 2018 ilikuwa 2:20.6, na tuliambiwa haitavunjwa leo wala kesho.

Sasa turudi kwenye hili la woga, maana halijaisha.

Mnataka kujua nani hukwepa? Wenye madume. Simlaumu farasi, nawalaumu wenye makaratasi. Dume akishashinda mbio mbili tatu kubwa, thamani yake iko kwenye majike atakaowapanda, na kila anapotoka tena zizini anaweza kupigwa na bei ikashuka. Kwa hiyo vuli yake inapangwa na mhasibu. Shergar mwaka 1981 alishinda Derby ya Epsom kwa urefu wa farasi kumi. Hisa zake zilishauzwa, arobaini kwa jumla, kila moja pauni 250,000. Septemba akapigwa kwenye mbio za St Leger, safari yake ya Arc ikafutwa, akapelekwa kuzalisha akiwa na miaka mitatu. Februari 1983 wezi wenye silaha wakamchukua na mpaka leo hajaonekana, lakini hilo ni jambo lingine. City Of Troy alikwenda Del Mar mwaka 2024, akawa wa nane kwenye vumbi, na hatukumwona tena. Miaka mitatu. Sawa, angalau huyo alithubutu.

Mtaniambia Sea The Stars. Haya, huyo namkubali. Mwaka 2009 alishinda mbio za daraja la kwanza kila mwezi kuanzia Mei mpaka Oktoba, sita, akamalizia na Arc. Lakini naye baada ya hapo, kwaheri. Frankel walimbakiza mpaka miaka minne, ashukuriwe mwenye mali, ila hakuwahi kukimbia nje ya Uingereza hata siku moja.

Calandagan hana cha kulinda. Hakuna jike anayemsubiri, hakuna hisa ya kuuza. Akipigwa amepigwa, wiki ijayo anakula nyasi zilezile. Ndiyo maana ndani ya vuli moja amekwenda kukutana na walio bora Uingereza kwenye mita 2,000 na walio bora Japani kwenye mita 2,400, na hakuna aliyekaa mezani kupiga hesabu ya hasara. Kama kuna farasi aliyekimbia mwaka 2025 kwa ajili ya kukimbia tu, ni huyu mnayemwita mkwepaji.

Wapo mnaoshangaa kwa nini mtu wa Igoma anajisumbua na mambo ya Chantilly. Tazameni rangi aliyovaa mpanda wake: kijani, mabegani nyekundu. Hiyo ni ya Aga Khan. Kwetu jina hilo ni hospitali na shule, na wazee wanakumbuka Agosti 1946 Dar es Salaam, Aga Khan wa wakati ule, Sultan Mohamed Shah, alipowekwa kwenye mizani akapimwa kwa almasi. Mjukuu wake Karim alisimikwa Dar hiyohiyo Oktoba 1957, na huyo ndiye mwenye Shergar. Alifariki Februari 2025. Vuli ya 2025 ndiyo ya kwanza ya zizi lake bila yeye, bintiye Zahra akiwa msimamizi, na wamechukua Arc, Champion Stakes na Japan Cup. Babu zetu walilijua hilo zizi kwa jina kabla hawajaijua Simba wala Yanga, kwa hiyo niacheni.

Mwaka 2026 sitaki ubunifu. King George Julai, York aachwe tena hata wakilia, Ascot Oktoba, Tokyo Novemba. Wa kuogopwa ni walewale: Ombudsman kwenye umbali mfupi, kwa sababu mkufunzi wake, Gosden, hawezi kukaa na deni, Masquerade Ball na Croix du Nord kwao, ambao kwa umri wao bado wanakua. Danon Decile simhofii tena.

Ninayemtaka hasa ni Daryz. Mwenye mali ni yuleyule, mkufunzi ni yuleyule, zizi ni lilelile. Mmoja anaruhusiwa Longchamp, mwingine haruhusiwi, kwa hiyo ni rahisi sana kuwatenganisha mwaka mzima na kila mmoja akaitwa bingwa. Wawekeni wote wawili Ascot, mita 2,000, tuone. Najua hawatathubutu. Daryz ni dume, na dume aliyeshinda Arc hapelekwi kupigwa na maksai wa nyumbani kwake mbele ya wateja.