Milioni moja ya Dar: anayesema haimtoshi asikilizwe

Kila mshahara unapotajwa hadharani mjini hapa, mabishano huwa yaleyale. Mmoja anasema analipwa milioni moja kwa mwezi na tarehe 20 inamkuta hana kitu. Anajibiwa kwa ukali: kuna mama Manzese analea watoto watatu kwa kuuza maandazi, wewe milioni nzima unaipeleka wapi? Baada ya hapo zinafuata tuhuma za kawaida. Bia, mikeka ya kubeti, bando, bodaboda wakati daladala zipo, kung'ang'ania kupanga Sinza wakati Chanika vyumba vipo tele.

Wanaojibu hivyo wana hoja. Katika jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728, wengi hawajawahi kuishika milioni moja ya mwezi mmoja. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 Julai 2025. Sekta binafsi, kuanzia Januari 2026, kilichotangazwa ni 358,322 kutoka 275,060, ingawa kila sekta ina kiwango chake. Anayelipwa milioni moja anapata karibu mara tatu ya huyo wa mwisho. Akilalamika mbele ya mlinzi anayelinda ofisi yake usiku, mlinzi ana haki ya kumshangaa.

Na nidhamu ya fedha ina nafasi yake. Wapo wanaokula mshahara kwenye kubeti. Wapo wanaoona aibu kurudisha kadi ya harusi bila mchango, hata kama bwana harusi mwenyewe hawajaonana tangu wamalize shule. Hayo yapo, na hakuna nyongeza ya mshahara itakayoyatibu.

Lakini upande huu unapenda sana kuegemea takwimu moja ambayo haiwezi kubeba mzigo wanaoitwisha. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, kwa Tanzania Bara. Kwa kipimo hicho, Dar es Salaam ndiyo ilikuwa na maskini wachache kuliko mikoa yote kwa asilimia. Kwa hiyo, wanasema, anayepata mara ishirini ya mstari huo atasemaje maisha ni magumu?

Igawe hiyo 49,320 kwa siku 30. Unapata 1,644. Humo ndimo chakula, nguo, sabuni na mahitaji mengine ya msingi vinatakiwa vienee. Bei zimepanda tangu utafiti ule ufanyike, lakini hata kwa bei za wakati ule, mtu wa Tandika aliyekuwa na 1,644 kwa siku alikuwa anahesabu kama apande gari au atembee. Mstari ule uliwekwa kuonyesha nani anakosa mahitaji ya lazima kabisa. Kazi hiyo unaifanya. Haukuwekwa kutuambia nani anaishi vizuri, na kuuvuka hakumfanyi mtu awe na maisha mazuri. Kati ya kutokufa njaa na kuishi bila hofu ya wiki ijayo kuna nafasi kubwa sana, na sehemu kubwa ya wakazi wa mji huu wamo ndani ya nafasi hiyo.

Yule mama wa maandazi anayetumiwa kama fimbo yumo humohumo. Mfuate dukani jioni uone anavyonunua: mafuta ya kupima, sukari robo, mkaa wa kopo, unga nusu. Kila kipimo kidogo kina faida ya mwenye duka juu yake, kwa hiyo lita ya mafuta anayoikamilisha kwa wiki mbili inamgharimu zaidi ya anayebeba dumu zima siku moja. Hanunui hivyo kwa kukosa akili ya hesabu. Fedha yake inaingia kidogokidogo, na inatoka vilevile. Anastahimili, na kustahimili kwake ni jambo la kuheshimiwa. Sidhani kama ni haki kumgeuza kuwa kipimo cha maisha ambayo wengine wote wanapaswa kuridhika nayo, wakati yeye mwenyewe anapambana kila siku atoke hapo.

Sasa tuihesabu hiyo milioni moja. Kwanza haifiki. Mfanyakazi wa kampuni binafsi anakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 100,000. Inayobaki, 900,000, inakatwa kodi ya mapato, ambayo kwa viwango vya sasa ni 103,000. Mkononi kinaingia 797,000. Kama alisoma chuo kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, 150,000 nyingine. Anabaki na 647,000. Wale wanaomuuliza milioni anaipeleka wapi wanamuulizia zaidi ya theluthi ambayo hajawahi kuiona.

Tumweke na mke na watoto wawili wa shule ya msingi ya serikali. Wamepanga vyumba viwili na sebule huko Kinyerezi kwa 250,000, nyumba ya kawaida tu. Anakwenda kazini mjini kwa magari mawili, na mawili kurudi. Nauli ya safari fupi ya daladala tangu Desemba 2023 ni 600, kwa hiyo hata tukimhesabia zote fupi ni 2,400 kwa siku, 62,400 kwa siku 26 za kazi. Chakula cha watu wanne tukiweke 12,000 kwa siku. Hiyo ni chai na maandazi asubuhi, ugali na mboga au dagaa mchana, wali maharage usiku, na nyama siku moja moja. Kwa mwezi ni 360,000.

Jumla ni 672,400. Mwenye mkopo wa chuo ameshapungukiwa na 25,400 kabla hajanunua umeme. Asiye na mkopo amebakiwa na 124,600, na humo atoe LUKU, umeme wa kulipia kabla, ambayo nayo imebeba kodi ya jengo la mwenye nyumba, 1,500 kila mwezi, maji, gesi, vocha, daftari na michango ya shule, nauli ya mke, sabuni, dawa ya malaria mtoto akiugua. Bia imekaa wapi hapo? Mikeka imekaa wapi?

Hata hivyo, kinachomuumiza mtu huyu kuliko vyote hakionekani ukimhesabia kwa mwezi. Nyumba nyingi za Dar hazilipiwi kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita, wengine mwaka mzima, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kwa kukuonyesha mlango. Kwa nyumba ya 250,000, siku ya kuhamia inahitaji 1,750,000 taslimu. Ni zaidi ya mishahara miwili kamili ya mtu anayeshika 797,000, bila kula wala kupanda gari.

Utaambiwa aweke 250,000 kila mwezi, mwezi wa sita ukifika analipa, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba hela ya kodi ndiyo akiba pekee iliyomo ndani ya nyumba hiyo, na kila dharura inapokuja inaikuta ipo. Mwezi wa pili mtoto analazwa, na hela ya karibu ni ile. Mwezi wa nne kuna msiba Songea, na huwezi kumzika mjomba kwa salamu za pole. Mwezi wa tano mama mkwe anahitaji miwani. Hakuna hata kimoja cha anasa hapo, na hakuna ambacho mtu muungwana angekataa. Mwezi wa sita unafika, kwenye simu kuna laki tano, na mwenye nyumba ameshapiga mara mbili.

Hapo ndipo mikopo kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, inapoingia. Mtu anakopa milioni moja kuziba kodi, na marejesho yanahesabiwa kwa wiki. Miezi mitatu inayofuata mshahara unaingia ukiwa umeshaliwa. Ukimkuta kipindi hicho utamwona mtu asiyejua kutumia hela: analipwa milioni, tarehe 20 anakopa nauli kwa wenzake. Kosa utalitafuta kwenye matumizi yake ya wiki ile, wakati shimo lilichimbwa miezi mitatu nyuma, siku alipolipa miezi sita kwa mkupuo.

Mwenye nyumba naye ana sababu zake, nisimwonee. Wengi ni wastaafu au wafanyabiashara wadogo waliojenga tofali kwa tofali, na hela ya miezi sita ndiyo inayopiga plasta vyumba vinavyofuata. Mpangaji asiyelipa anaweza kumpeleka kwa mjumbe, serikali ya mtaa, hadi baraza la ardhi na nyumba. Kuchukua mapema ndiyo bima yake. Ila gharama ya bima hiyo inabebwa yote na mtu ambaye kipato chake kinaingia kwa mwezi, au kwa siku kama ni fundi au bodaboda.

Kuna na wategemezi. Wanaosema punguza kutuma nyumbani wanazungumza kana kwamba pesa hiyo inatupwa. Mzee aliyeuza ng'ombe ili kijana afike kidato cha sita hana pensheni nyingine zaidi ya huyo kijana. Elfu hamsini inayokwenda Sumbawanga au Bunda kila mwezi inafanya kazi ambayo kwingine ingefanywa na mfuko wa hifadhi ya jamii. Ukitaka kujua mtu anahitaji kiasi gani aishi vizuri Dar, lazima umhesabie na wale wasiokaa Dar.

Basi inahitajika kiasi gani? Kwa familia ile ile ya wanne, watoto shule za serikali, nyumba ile ile ya 250,000, nahesabu hivi. Chakula kiongezwe kiwe 15,000 kwa siku, ili matunda na nyama visiwe habari: 450,000. Usafiri wa wote 100,000. Umeme, maji na gesi 100,000. Simu 40,000, shule 60,000, matibabu 50,000, nguo 50,000. Nyumbani kijijini 80,000, harusi na misiba 50,000. Na 150,000 ya akiba isiyoguswa, kwa ajili ya kuilinda ile hela ya kodi. Jumla 1,380,000. Tuseme milioni moja na laki nne mkononi. Kijana anayeishi peke yake kwenye chumba cha 100,000 anaweza kuishi vizuri kwa takriban nusu ya hiyo, na shule binafsi ikiingia kwenye familia hesabu yote inavunjika.

Ili mtu mmoja ashike 1,400,000 baada ya NSSF na kodi ya mapato, mkataba wake unatakiwa usome kama 1,950,000. Akiwa na deni la Bodi ya Mikopo, kama 2,560,000. Wakifanya kazi wawili, mume na mke, kila mmoja kwa milioni moja na bila deni la chuo, wanashika 1,594,000 kwa pamoja na wamevuka. Ndiyo maana naona kipato cha pili ndani ya nyumba, hata cha genge au cherehani, kina nguvu kuliko ushauri wowote wa kubana matumizi. Nyumba ya mshahara mmoja wa milioni imepungukiwa na 603,000 kila mwezi kufikia maisha ambayo sijaweka ndani yake gari, televisheni ya kulipia wala safari ya mapumziko.

Kuna jambo mwajiri anaweza kulifanya bila kusubiri sheria. Aliyeko kwenye milioni moja akiongezewa laki moja, baada ya makato anaona 67,500. Akiwa na deni la chuo, 52,500. Inasaidia, lakini haimfikishi kwenye miezi sita ya mwenye nyumba. Mwajiri huyo huyo akimtangulizia 1,500,000 ya kodi ya nyumba na kuikata 250,000 kila mwezi bila riba, hajaongeza hata shilingi kwenye mishahara, na mfanyakazi hana tena fungu la kodi linalokaa kwenye simu likisubiri kuliwa na dharura. Mtoto akilazwa mwezi wa pili bado atahangaika kutafuta hela ya hospitali, ila nyumba inakuwa imeshalipiwa. Waajiri wachache wanafanya hivyo. Kwa mtu wa milioni moja, hiyo ni faida kubwa kuliko nyongeza ya laki.