Ruger 10/22 mpya au Marlin 60 iliyotumika: unafuu wa bunduki ya .22 hupimwa wapi?

Mtu anayeishi Marekani na kutafuta bunduki yake ya kwanza ya kulengea shabaha, au ya kuwindia kindi na sungura, hatachukua muda mrefu kabla ya kukutana na majina mawili. La kwanza ni Ruger 10/22, iliyoingia sokoni mwaka 1964 na ambayo ingali inatengenezwa. La pili ni Marlin Model 60, iliyoanza mwaka 1960, ikauzwa zaidi ya milioni 11, kisha uzalishaji wake ukakoma mwaka 2020 kampuni ya Remington iliyokuwa ikimiliki jina la Marlin ilipofilisika, na jina hilo likanunuliwa na Ruger wenyewe. Zote mbili hutumia risasi ndogo ya .22 Long Rifle (namba hiyo ni kipenyo chake kwa inchi), na zote hujipakia zenyewe: ukivuta kifyatulio hutoka risasi moja tu, ganda hutupwa nje, na risasi inayofuata huingia mahali pake bila wewe kugusa bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara na wenzetu wanaozungumza Kiswahili hapa Pennsylvania, wakiwemo majirani zetu Wakongo wa Erie na Lancaster, ni ipi kati ya hizo mbili iliyo nafuu. Wengi hulijibu kwa kusoma kibandiko cha bei. Mimi naona kibandiko hicho ni sehemu ndogo ya hesabu, na hesabu yenyewe inafaa ifanywe kabla ya kufika dukani.

Tuchukue mpigaji wa kawaida anayekwenda uwanjani mara moja kwa wiki na kumaliza pakiti mbili za risasi 50. Kwa mwaka atakuwa amepiga risasi 5,200. Tukikadiria risasi moja kwa senti 8, atatumia dola 416 kwa risasi peke yake, kiasi kinachozidi bei ya bunduki nyingi za aina hii zikiwa mpya. Sasa tuseme Marlin iliyotumika inapatikana kwa dola 150 na Ruger mpya kwa dola 300. Tofauti ya dola 150, ambayo watu hubishana juu yake kwa saa nzima, ni sawa na risasi 1,875, na mpigaji wetu huzimaliza kwa muda usiofika miezi mitano. Kwa hiyo bunduki inayoipenda risasi ya bei ya chini, isiyokwama na isiyomlazimisha mwenyewe kurudia kila zoezi, ina haki ya kuitwa nafuu hata kama ilianza kwa bei ya juu. Tena waliokuwa wakipiga shabaha mwaka 2013, na wale wa mwaka 2020, wanakumbuka rafu tupu madukani. Bunduki inayochagua risasi ni mzigo mzito siku kama hizo.

Suala la kuchagua risasi lina sababu yake. Bunduki hizi huendeshwa na msukumo wa risasi yenyewe kurudi nyuma. Risasi ya kasi ya kawaida hutoka kwa takriban mita 326 kwa sekunde, na ile ya kasi kubwa kwa takriban mita 376. Msukumo ukipungua, bolti hairudi hadi mwisho, na ganda hubanwa mlangoni. Zaidi ya hapo, baruti ya kuwashia ya risasi ya .22 hupakwa ndani ya ukingo wa ganda na haiko katika kidude cha pekee cha katikati. Ikiwa haikuenea vizuri ukingoni, pini ya kufyatulia huweza kupiga mahali pakavu na risasi ikakataa kulia. Mwenye bunduki ya .22 hujifunza kuishi na risasi mbovu moja moja, na haifai kuilaumu bunduki mpaka uwe umeigeuza risasi ile ile iliyokataa na kuijaribu upande wa pili wa ukingo.

Niitetee kwanza Marlin, kwa sababu inastahili. Mtutu wake una ndani mifuo 16 midogo midogo ya kuizungusha risasi, mtindo ambao Marlin waliuanzisha mwaka 1953, na kwa macho yangu Marlin nyingi nilizoziona uwanjani, zikiwa kama zilivyotoka kiwandani, zimekusanya matundu kwenye karatasi vizuri kuliko Ruger ya kawaida iliyokuwa mezani pembeni yake. Kifyatulio chake pia si kizito sana. Kitako chake cha mbao hukaa vizuri begani. Risasi hukaa kwenye bomba refu lililo chini ya mtutu, 14 katika zile za miaka ya karibuni, kwa hiyo hakuna magazini (kisanduku cha risasi cha kuchomoa) ya kusahau nyumbani wala ya kununua ya akiba. Kwa mzee anayekwenda msituni mara nne kwa msimu na kurudi na kindi wawili, sioni sababu ya kumwambia atafute kitu kingine.

Hata hivyo, Marlin utakayoinunua leo ni ya mkononi, na hapo ndipo jicho linatakiwa kufanya kazi. Mwombe mwenye nayo aitoe kwenye kitako. Mwishoni mwa njia ya bolti, upande wa nyuma, kuna kipande kidogo cha plastiki kinachopokea pigo la bolti kila inaporudi. Kikiwa kizima hakuna neno. Kikiwa kimegeuka rangi kikawa cha manjano kama ugoro wa zamani, kikawa na ufa, ujue karibu kitapasuka na vipande vyake kuangukia ndani ya mashine. Kipande chenyewe ni cha dola chache, lakini aliyeendelea kupiga bila kukibadilisha huenda amekwisha umiza chuma kilicho nyuma yake, na jeraha hilo si la dola chache. Kisha chomoa bomba la ndani, lile la shaba nyeupe au ya manjano, ulilaze juu ya meza ya kioo au kitu chochote kilichonyooka, ulisukume kwa kidole. Likiyumba badala ya kubingirika, limepinda, na risasi zitakwama humo.

Bomba hilo ndilo linalonifanya nisite. Ili kulijaza, unashika bunduki kwa wima au kwa mshazari, unavuta bomba la ndani karibu na mdomo wa mtutu, na kuzitumbukiza risasi moja moja kupitia tundu lenye umbo la risasi. Mkono wako uko karibu na mdomo wa mtutu muda wote huo. Kuitoa risasi ni kazi zaidi: hata ukiisha kumimina, risasi moja huweza kubaki imeng'ang'ania njiani. Nimeiona kwa macho. Kijana alikwisha inamisha bunduki, zikaanguka risasi tisa mezani, akasema imekwisha. Msimamizi wa uwanja akamwomba avute bolti mara mbili zaidi, na ya kumi ikaruka ikaangukia miguuni pake. Risasi ndogo hii, ambayo watu huichukulia kama mchezo, huweza kusafiri zaidi ya kilomita 2. Katika nyumba yenye watoto, magazini unayoichomoa na kuiweka mbali na bunduki ina thamani ambayo siwezi kuiandika kwa dola.

Ruger 10/22 imejengwa juu ya magazini hiyo. Ni kisanduku kidogo cha risasi 10 zinazozunguka kama kwenye gurudumu, kinaingia chote ndani ya mwili wa bunduki bila kuning'inia. Faida yake huonekana wazi kwenye mafunzo. Project Appleseed, mpango wa kufundisha kulenga shabaha ulioanza mwaka 2006, hupigisha watu karatasi za mita 25 kwa muda uliopangwa, na katika baadhi ya mazoezi mpigaji hupiga risasi mbili, hubadilisha magazini, kisha humalizia nane. Mwenye bomba hapo hubaki anahangaika wakati wenzake wamekwisha maliza.

Faida ya pili ni ufundi. Mtutu wa 10/22 umeshikwa na skrubu mbili tu, na mtu mwenye ufunguo unaofaa huweza kuubadilisha akiwa nyumbani. Vipuri vipo kila mahali, vya Ruger na vya watengenezaji wengine, na hakuna dalili ya kukoma. Marlin ina vipuri vingi kwa sasa kwa sababu bunduki zenyewe ni nyingi mno, lakini chemchemi iliyoacha kububujika mwaka 2020 haiwezi kuhesabiwa sawa na inayotiririka.

Hata hivyo 10/22 ina kasoro ambazo wapenzi wake huzipitia haraka. Kifyatulio cha kiwandani ni kizito. Risasi ya mwisho ikiisha, bolti hujifunga, hivyo mpigaji huvuta kifyatulio na kusikia mlio mkavu. Na hatari kubwa kuliko zote kwa mfuko ni wingi wa vipuri vyenyewe: mtu hununua bunduki ya dola 300, mwezi wa pili anabadilisha kifyatulio, wa tatu mtutu, wa nne kitako, na kufikia mwisho wa mwaka ameifikisha dola 900 huku akiendelea kuiita ya bei nafuu. Anayejijua kuwa na udhaifu huo auweke kwenye hesabu mapema.

Kuna njia nyingine za kupita. Rossi RS22, inayotengenezwa Brazil, hupatikana mara nyingi kwa karibu dola 200 au chini yake na ina magazini ya kuchomoa. Kwa mtu ambaye bajeti yake imefungwa, ningeichagua kabla ya Marlin iliyochoka. Savage 64, inayotengenezwa Lakefield nchini Kanada, ina toleo la watu wa mkono wa kushoto, jambo ambalo ni nadra kwa bei hiyo. Na kwa mtoto anayeanza kabisa, bado naungana na wanaosema bunduki ya bolti ya kuvuta kwa mkono humfundisha kutulia kati ya risasi na risasi.

Kabla ya fedha kutoka mfukoni, sheria itazamwe. Kwa sheria ya Marekani, mtu aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala risasi isipokuwa awe na kibali maalumu kinachotambuliwa, kama leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu au hadhi ya ukimbizi hayumo katika katazo hilo. Majimbo nayo hutofautiana. Pennsylvania yenyewe ilikataza bunduki zinazojipakia kwa uwindaji kwa miaka mingi, na ni mwaka 2017 tu ilipofungua mlango kwa zile za .22 au chini yake kwa wanyama wadogo.

Wiki iliyopita jirani yangu alinipigia simu akiwa ameshika Marlin ya dola 140, na muuzaji alikuwa amesimama pale akimsubiri. Nikamwomba aitoe kwenye kitako na anitumie picha ya kile kipande cha plastiki. Kilikuwa cha manjano, chenye ufa mwembamba kama unywele. Akairudisha mezani, akaenda kuagiza Ruger.