Matanga ya dagaa wa Senzaki

Kila ninapokuta Kaneko Misuzu akitajwa, habari zake huanzia kwenye kifo. Inaniuma. Mtu aliyeacha mashairi 512 ya watoto, tumjue kwa siku yake ya mwisho?

Alizaliwa mwaka 1903 Senzaki, kijiji cha wavuvi mkoani Yamaguchi, Japani. Baba alifariki yeye angali mdogo, mama akabaki na duka la vitabu. Akiwa na miaka 20 alihamia Shimonoseki, akauza vitabu na kuanza kupeleka mashairi kwenye majarida. Mshairi mashuhuri Saijō Yaso alimsifu mapema.

Shairi lake la dagaa lilitoka mwaka 1924. Lina mistari kumi tu. Kunapambazuka, mbingu imeiva wekundu, na dagaa wakubwa wamevuliwa tele. Ufukweni ni kama sikukuu. Halafu anatushusha chini ya maji: huko, pengine, dagaa maelfu kwa maelfu wanafanyiwa matanga. Linaishia hapo. Hamgombezi mvuvi, wala hamwambii mtoto asile samaki.

Ni rahisi kudhani huruma hiyo ilizaliwa na mateso ya ndoa. Sikubali. Aliolewa mwaka 1926, dagaa wakiwa wameshaliliwa. Huruma aliikuta kwao. Karibu na Senzaki, huko Kayoi, wawindaji wa nyangumi walijenga mwaka 1692 kaburi la vitoto vya nyangumi vilivyokutwa matumboni mwa mama zao. Ibada ya kuwaombea nyangumi nayo ameiandikia shairi: kengele ya hekalu inavuma juu ya bahari, na mtoto wa nyangumi anaisikia, anawalilia wazazi wake. Aliyekulia pwani ile hakuhitaji kupigwa na dunia ndipo amwonee samaki uchungu.

Ndoa ilimletea maradhi, na mume akamkataza kuandika. Walipoachana, mume akamtaka binti yao. Machi 10, 1930, Misuzu alijiua akiwa na miaka 26, akiacha ombi kwamba mtoto alelewe na bibi yake.

Lakini alikuwa ameshanakili mashairi yake kwa mkono, seti moja kwa Saijō, nyingine kwa mdogo wake wa kiume. Mwaka 1966 mwanafunzi aitwaye Yazaki Setsuo alisoma lile la dagaa, akamtafuta mtunzi wake kwa miaka 16, mpaka akamfikia yule mdogo mtu, madaftari matatu yakiwa bado yametunzwa. Mwaka 1984 yakachapishwa. Kilichomtoa Yazaki nyumbani ni ile mistari kumi.