CT skani si eksirei kubwa

Mtu anakohoa kwa wiki tatu, eksirei ya kifua inasomwa kuwa safi, na nyumbani swali ni moja: mbona hawakumpiga CT skani? Naielewa hofu hiyo. Lakini dhana iliyo nyuma yake, kwamba CT ni eksirei iliyo bora kwa kila jambo, inawagharimu wagonjwa wengi bila sababu.

Eksirei ni kivuli. Mionzi hupita kwa urahisi kwenye hewa, ndiyo maana mapafu hutokea meusi. Mfupa huizuia, ukatokea mweupe. Maji na nyama huwa kati ya hapo. Tatizo ni kwamba vyote hulaliana katika picha moja. Uvimbe mdogo unaweza kujificha nyuma ya moyo au mtulinga. Mgonjwa akipigwa picha amelala chali, maji ya kifuani hutandaa mgongoni yasionekane vizuri, na moyo huonekana mkubwa kuliko ulivyo. CT, iliyotumika kwa mgonjwa wa kwanza Uingereza mwaka 1971 kutokana na kazi ya mhandisi Godfrey Hounsfield, huzungusha mionzi na kukigawa kifua katika vipande vyembamba, mfano wa mkate wa slesi.

Kwa hiyo wanaoitetea wana hoja nzito. Damu ikiganda kwenye mishipa ya mapafu, eksirei inaweza kuwa ya kawaida kabisa huku mgonjwa yuko hatarini. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2011, kwa wavutaji sigara wa sasa na wa zamani zaidi ya 53,000, ulionyesha kuwa CT ya mionzi midogo ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 ikilinganishwa na eksirei. Hayo ni maisha ya watu. Ila katika utafiti huohuo, zaidi ya asilimia 90 ya majibu yaliyotia shaka hayakuwa saratani. Kwetu, ambako kifua kikuu kimeacha makovu kwenye mapafu ya wengi, nahofia shaka hizo zingezidi.

Halafu kuna mionzi. Eksirei moja ya kifua ni takriban milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 0.1, CT ya kawaida hufika 6 au 7. Kwa mzee anayeshukiwa saratani, hiyo si sababu ya kumnyima kipimo. Kwa mtoto mwenye nimonia ya kawaida, ni sababu tosha.

Eksirei nayo ina nguvu yake: hupakiwa kwenye gari ikafika kijijini, na hugundua wenye kifua kikuu wasiokohoa. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali hata programu za kompyuta zisome picha hizo katika uchunguzi wa watu wa miaka 15 na zaidi.

Lakini hakuna picha inayothibitisha kifua kikuu yenyewe. Kwa huyo anayekohoa wiki tatu, kabla ya kudai CT ningeuliza: makohozi yake yamepimwa?