Stadi za taarifa chuoni: mkutubi apewe kozi yake au aingie darasani mwa mhadhiri?

Katika wiki ya wanafunzi wapya, vyuo vikuu vyetu vingi humpa mkutubi saa moja ukumbini. Anapanda baada ya mshauri wa wanafunzi, anaonyesha slaidi za kanuni za maktaba, anataja kanzidata (hifadhi za mtandaoni za kutafutia makala) tano sita, anashuka. Atakapokutana tena na wanafunzi wale wale watakuwa mwaka wa tatu, pendekezo la utafiti linadaiwa kesho kutwa, na orodha ya marejeo ina makala ambazo hakuna aliyewahi kuziandika.

Kwamba saa ile haizai kitu, wakutubi hawabishani. Wanabishania dawa. Wapo wanaotaka stadi za taarifa, yaani kujua kutafuta, kupima na kutumia taarifa, ziwe kozi kamili yenye mtihani, na wapo wanaotaka zifundishwe ndani ya kozi za wahadhiri.

Upande wa kozi una hoja nzito: mwanafunzi husoma kinachotahiniwa. Tena utafutaji ni kazi ya mikono, inayotaka muda wa kukosea na kurudia. Kwenye kanzidata AND hudai maneno yote mawili, OR hutosheka na lolote kati yake. Mwanafunzi akiandika Zanzibar AND Swahili OR Kiswahili, kanzidata nyingi hushughulikia AND kwanza, kwa hiyo atamwagiwa kila kilichoandikwa kuhusu Kiswahili, Kongo na Kenya humo humo. Alitakiwa kuweka mabano: Zanzibar AND (Swahili OR Kiswahili). Ukimwambia anaitikia. Hadi ayaone matokeo yakipungua mbele ya macho yake, hajajifunza.

Ni hivyo hivyo kwa marejeo ya kubuni yanayotolewa na programu za akili mnemba kama ChatGPT. Namba ya DOI, ile ya kutambulisha makala mtandaoni, hata ikichapwa vizuri si ushahidi. Ifungue kwenye doi.org, kisha linganisha kichwa, mwandishi, juzuu na kurasa, kwa sababu namba inaweza kuwa ya kweli lakini ya makala nyingine kabisa. Halafu fungua makala yenyewe uone kama inasema hicho unachodai inasema. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa.

Tatizo la kozi ni hesabu. Chukua chuo kinachopokea wanafunzi 3,000, chenye chumba cha kompyuta 40 na wakutubi 5 wanaoweza kufundisha. Hayo ni makundi 75. Kila kundi likipewa vipindi 10 vya saa mbili, ni saa 1,500, yaani saa 300 kwa kila mkutubi. Katika muhula wa wiki 15, ni saa 20 kwa wiki kabla hajasahihisha karatasi moja, na bado kuna dawati la huduma, usajili wa majarida na hazina ya tasnifu. Kinachofuata kinajulikana: kozi inahamia ukumbini, watu 600 wanatazama projekta, na mtihani unauliza “taja nguzo saba za stadi za taarifa”. Nguzo hizo zilitolewa na SCONUL, jumuiya ya maktaba za vyuo vya Uingereza, mwaka 1999. Mtu anaweza kuzikariri zote na asijue kufungua PubMed, kanzidata ya makala za tiba.

Wanaotaka kuingia darasani mwa mhadhiri wanasema mwanafunzi hujifunza pale anapobanwa na zoezi, na wako sahihi. Mkutubi wa fani naye huja na mambo ambayo somo la jumla halina: wa afya anajua Hinari, mpango wa WHO unaozifungulia nchi zenye kipato kidogo majarida ya afya; wa lugha anajua kwamba utafiti mwingi wa Kiswahili umo katika majarida ya TATAKI (Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kama Mulika, si kwenye kanzidata kubwa za kulipia. Ila mlango huu uko mikononi mwa mhadhiri. Akienda masomoni, anayempokea anaweza kuufunga, na kazi ya miaka mitatu ikaishia hapo. Wengine humwita mkutubi siku wanaposafiri, aje kuziba pengo tu. Kipindi kisicho na zoezi nyuma yake hakipishani na ile saa ya ukumbini.

Kwa maoni yetu, njia inayobebeka ni kuingia kwenye kozi ambazo tayari ni za lazima: Stadi za Mawasiliano mwaka wa kwanza, mbinu za utafiti baadaye. Vipindi viwili vya saa mbili kwa makundi yale yale 75 ni saa 300, saa 60 kwa kila mkutubi. Zoezi lidai mwanafunzi aambatanishe maneno aliyotafutia, idadi ya matokeo na sababu ya kuacha makala mbili, na mkutubi atoe alama 5 kati ya 20. Alama hizo 5 zisipokuwepo, mwanafunzi hufanya zoezi lote usiku wa mwisho.

Nao wakubwa wa chuo wana lao. Pale ambapo mkutubi huhesabiwa mwanataaluma, hupanda cheo kwa machapisho kama mhadhiri. Pale anapowekwa upande wa utawala, kufundisha hakumo hata kwenye maelezo ya kazi yake. Kote kuwili, saa hizo 60 hazimwongezei kitu. Ziandikwe kwenye fomu ya mzigo wa kazi kama za mhadhiri zinavyoandikwa, la sivyo mkutubi mwenye akili atazitumia kuandika makala.